Mchanga Unahama, Naibor Soit Haihami

Mazungumzo na waongoza watalii, Karatu

Sopa!

Nashukuru kwa kuitikia. Na kwa ndugu zangu mliotoka mikoa mingine kuja kutafuta riziki huku: habari za asubuhi, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa setilaiti, nikaona wawili watatu wameanza kuangalia dari. Msiogope. Setilaiti yenyewe sijawahi kuitia mkononi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa mbele ya kompyuta na picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa siku tofauti, natafuta kilichobadilika. Ni ule mchezo wa magazetini wa kutafuta tofauti, ila mimi nalipwa. Kidogo.

Jana niliomba lifti kwenye gari la mmoja wenu. Jina simtaji, mtajua kwa nini. Tulitoka makumbusho ya Oldupai, tukashuka korongoni, tukapanda ng'ambo, tukaambaa na uwanda hadi kwenye mchanga unaohama. Nyasi zimekauka, zimekuwa rangi ya simba, na katikati yake kile kilima cheusi tii kimejikunja kama mwezi mwandamo. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashariki, na juu kwenye ukingo mchanga ulikuwa unafuka kama mvuke wa chungu.

Kijana wetu akafanya kazi yake vizuri. Akachota konzi ya mchanga, akaurusha juu, ukashuka pamoja bila kutawanyika. Akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaipitisha mchangani, ikaota manyoya meusi. Wageni wakacheka, wakapiga picha. Akawaeleza kwamba haya ni majivu ya volkano kutoka Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, na kwamba yana madini ya chuma, ndiyo maana yanashikamana badala ya kupeperuka kila upande. Akawaeleza kwamba kwa Wamasai mahali hapa ni patakatifu. Mpaka hapo sina la kuongeza.

Kisha mama mmoja wa makamo, mwenye kofia pana, akauliza: unahama kiasi gani?

"Mita 17 kwa mwaka, mama."

Yule mama akavua miwani ya jua. "Mwaka gani?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine kabisa, yenye historia ya setilaiti tangu mwanzo na michoro ya mishale. Jana usiku nikaiweka kando. Nataka tuzungumze swali la yule mama.

Kwanza tuiheshimu namba yenyewe. Mita 17 kwa mwaka ni karibu sentimita 5 kwa siku, upana wa vidole vitatu. Tangu mtafiti Mary Leakey alipoliona pale korongoni fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tarehe 17 Julai 1959, kwa mwendo huo kilima kingekuwa kimekwenda zaidi ya kilomita moja. Si haba kwa kitu kisicho na miguu. Lakini sikilizeni nilivyosema: kingekuwa. Hiyo 17 ni wastani. Ni kama kusema gari lako linakunywa lita 30 za dizeli kwa siku. Siku gani? Siku uliyopeleka wageni Serengeti, au siku limelala gereji linasubiri springi?

Mchanga nao una siku zake za gereji. Ukilowa masika, chembe zinagandana, upepo unapita juu yake bure. Kiangazi kikikaza na upepo ukishika kasi, unalipa madeni yote. Kuna mwaka wa mvua ndefu na mwaka wa ukame, na hakuna sababu yoyote ya kilima kwenda mita 17 kamili katika kila mmoja.

Niwaeleze kinavyokwenda, maana ukishaelewa hili mengine yote yanafuata. Mimi ni mtu wa Pangani, mjomba wangu alikuwa baharia, na mabaharia wana maneno mawili mazuri sana: upande upepo unakotoka ni joshini, upande unakoelekea ni demani. Kwa kilima chetu joshini ni mashariki, demani ni magharibi. Joshini mteremko ni wa taratibu, mtoto anaupanda akikimbia. Chembe ya mchanga inarushwa na upepo, inaruka kama panzi, ikianguka inaigonga nyingine nayo inaruka, na hivyo hivyo mpaka kileleni. Ikivuka kilele inaingia kwenye kimya. Upepo haupo tena, inatua. Nyingine inatua juu yake. Rundo linakua, linasimama wima mno, likifika mwinamo wa nyuzi kama 34 linashindwa kujishika na kuporomoka. Jana nilikaa demani nikaangalia maporomoko hayo: ulimi wa mchanga unateleza, upana wa kanga, unasimama, halafu mwingine pembeni yake. Huko ndiko kutembea kwenyewe. Mgongo unaliwa, uso unaongezewa.

Zile pembe mbili, kwa kuwa zina mchanga mchache, zinautangulia mwili, ndiyo maana zinaelekea magharibi. Umbo hili wataalamu wanaliita barkani. Aliyelichunguza kwa vipimo makini ni Ralph Bagnold, mwanajeshi wa Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kitabu chake cha 1941 bado kinasomwa na kila anayeshughulika na mchanga.

Kuna kanuni moja hapa nataka muishike: kilima kidogo hukimbia kuliko kikubwa. Fikirieni mafundi wanaohamisha ukuta kwa kubeba tofali za nyuma na kuzipanga mbele. Mafundi ni walewale, tofali kwa saa ni zilezile. Ukuta wa kozi nne utasogea upesi, ukuta wa kozi nane utachukua muda mara mbili. Upepo ndio mafundi. Kwa hiyo mwaka kesho tukipima tukakuta kilima chetu kimekwenda mita 22, msikimbilie kusema upepo umeongezeka. Huenda kilima kimepungua kimo. Mwendo bila kimo ni nusu ya habari.

Sasa tupande juu.

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Picha zake zilikuwa na pikseli za karibu mita 80. Pikseli ni kile kigae kimoja cha picha, chenye rangi moja tu, hata kama ndani yake kuna nyumba, mbuzi na mti. Kilima chetu tunawaambia wageni kina urefu wa karibu mita 100 na kimo cha karibu mita 9. Kwenye picha ya 1972 hicho ni kigae kimoja kilichochafuka. Kuanzia Landsat 4 mwaka 1982 vigae vikawa vya mita 30, na Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilipanda Juni 2015, zina vigae vya mita 10.

Toeni simu, fungueni kikokotoo. Gawanyeni 80 kwa 17. Karibu miaka mitano kabla kilima hakijavuka kigae kimoja. Gawanyeni 30 kwa 17: miezi 21. Na 10 kwa 17: miezi saba. Landsat moja hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 16, na katika siku 16 kilima kwa wastani kimesogea sentimita 75, hatua moja ya mtu mzima, ndani ya kigae cha mita 30. Kwa hiyo mtu akiwaambia amelinganisha Landsat ya mwezi huu na ya mwezi uliopita akaona mchanga umehama, mpeni chai aende zake.

Hata hivyo kuna ujanja, na kwa huu nakiri kazi yangu ina raha yake. Kigae kikiwa nusu mchanga mweusi na nusu nyasi kavu, kinatoka kijivu. Mchanga ukiingia zaidi, kijivu kinakolea. Kwa hiyo ukingo wa kilima unaweza kuusoma hata ndani ya kigae. Zipo programu zinazochukua kipande cha picha ya zamani, zinakitelezesha juu ya picha mpya kidogo kidogo mpaka zipate pale kinapofanana zaidi, na picha zikiwa safi zinaweza kutambua msogeo wa sehemu moja ya kumi ya pikseli. Kwa Sentinel hiyo ni mita moja. Kwa kazi hii kilima chetu kina bahati. Wenzetu wa Sahara wanahangaika na mchanga wa njano juu ya mchanga wa njano. Sisi tuna wino juu ya karatasi. Mvua zikishanyesha, ukitazama kwa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni lakini setilaiti inauona, nyasi mbichi zinang'aa na mchanga unabaki mweusi kama kaa.

Ila linganisheni Agosti na Agosti. Juni jua liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini. Mwanga unaipiga pembe moja leo na nyingine kesho, na programu, ambayo haina akili ya kujua jua liko wapi, itakuambia pembe imesogea.

(Hapa mmoja akauliza kama picha hizi zinauzwa.)

Landsat ni bure, ndugu yangu, tangu 2008, na Sentinel ni bure tangu ianze. Wenye umri wangu tunakumbuka enzi ambapo picha moja ya Landsat iliwahi kufika zaidi ya dola 4,000. Ukiagiza, ikija ina wingu juu ya kile unachokitaka, unakaa nalo wingu lako. Na Landsat 7 ilipopata hitilafu Mei 2003, kila picha yake ikawa na mistari myeusi isiyo na habari. Hebu fikirieni mtu anayetafuta kilima cheusi kwenye picha yenye mistari myeusi.

Sasa niwaambie aibu yangu. Sijawahi kuieleza hadharani, lakini baada ya kumwacha yule kijana peke yake jana, nina deni.

Miaka ya mwanzo ya kazi nilipewa picha mbili za uwanda huu. Ya zamani ilikuwa imepigwa na ndege. Nikailaza juu ya ramani ya karatasi kwa kufuata gridi ya ramani. Ya pili ilikuwa ya setilaiti. Nikachora ukingo wa kilima kwa rangi nyekundu kwenye ya kwanza, kwa bluu kwenye ya pili, nikaweka moja juu ya nyingine. Nikaona maajabu. Kilima kimehama zaidi ya mita 300 kwenda kusini, na magharibi kidogo tu. Nilikuwa kijana, sikulala. Nikaandika ripoti ya kurasa 11, nikataja mabadiliko ya tabianchi mara nne.

Nikaipeleka kwa mkuu wangu, mpima ardhi wa zamani, mtu wa kalamu ya risasi sikioni. Akaangalia mchoro tu, maneno hakuyasoma.

"Upepo wa kule unatoka wapi?"

"Mashariki, mzee."

"Na mchanga wako umekwenda wapi?"

"Kusini."

"Umepanda basi?"

Nikanyamaza. Akaniuliza: "Naibor Soit iko wapi kwenye picha zako?"

Wenyeji mnaijua Naibor Soit, vile vilima vya mawe meupe kaskazini ya korongo. Jina lenyewe kwa Kimaasai ni jiwe jeupe. Watu wa kale wa Oldupai walichukua mawe pale kuchongea zana zao, na vilima viko palepale mpaka leo. Nikarudi mezani, nikachora Naibor Soit kwa nyekundu na kwa bluu. Nayo ilikuwa imehama mita 300 kwenda kusini.

Kosa lilikuwa nini? Ramani zetu za zamani za karatasi zilichorwa kwa mfumo wa kupimia uitwao Arc 1960. Setilaiti na GPS hutumia mwingine, WGS 84. Mahali pamoja, jiwe lilelile, mifumo hii miwili inalipa namba zinazotofautiana karibu mita 300 kaskazini na kusini, na karibu mita 90 mashariki na magharibi. Kila mpima ardhi wa Tanzania analijua hili. Mimi nilikuwa nimelisoma chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata maksi, nikalisahau. Nilikuwa nimepima umbali kati ya ramani mbili nikadhani nimepima mwendo wa mchanga. Mzee akanirudishia ripoti bila kuikunja hata pembe, na mpaka anastaafu, tukikutana koridoni alikuwa ananisalimia: "Naibor Soit haijambo?"

Tangu siku hiyo, sipimi kinachohama kabla sijapima kisichohama. Hata leo, picha ikija imenyooshwa na wataalamu wakubwa, kwanza natafuta mwamba, makutano ya makorongo mawili, kona ya jengo. Vikikaa sawa katika picha zote mbili, naendelea. Vikikosa kukaa sawa hata kwa mita sita, hizo mita sita natembea nazo kama mzigo katika kila namba nitakayotoa. Wakubwa hawazipendi namba zenye mzigo. Wanataka 17.

Na sasa mtaona kwa nini nimekuja kwenu badala ya kukaa na kompyuta yangu. Vile vigingi vyenye mwaka, ambavyo kilima kimeviacha nyuma kikienda zake, mnawaonyesha wageni kwa dakika moja kisha mnarudi kwenye sumaku. Sumaku inachekesha, sikatai. Lakini kigingi ni Naibor Soit ndogo yenye tarehe. Mtu alisimama pale, siku inayojulikana, akasema kilima kilikuwa hapa. Kutoka angani naweza kupata maelfu ya picha, lakini hakuna hata moja inayoweza kuniambia kimo cha kilima kwa uhakika ninaoutaka. Ramani ya miinuko iliyopigwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, ina vigae vya mita 30. Kilima cha mita 9 humo ni kiuvimbe kisichoeleweka.

Mtaniuliza, kilima kimoja, mita 17 au 15 au 20, kinamsaidia nani? Niwapeleke kaskazini mwa Chad, mahali panaitwa Bodélé. Zamani palikuwa chini ya ziwa kubwa sana, sasa ni kitovu cha vumbi, pengine pa kwanza duniani, na barkani zake ni miongoni mwa zinazokimbia zaidi ulimwenguni. Watu walitaka kujua kama upepo wa Sahara ya kati umebadilika kadiri miaka ilivyopita. Utaujuaje, mahali ambapo hakuna kituo cha hali ya hewa wala mtu wa kukisoma? Mwaka 2012 watafiti Pieter Vermeesch na Sébastien Leprince wakatoa jibu kwa kutumia vilima vyenyewe. Walifuatilia mwendo wake kwa miaka 45 ya picha. Kwa miaka ya karibuni walikuwa na picha za kawaida. Kwa miaka ya 1960 walirudi kwenye picha za kijasusi za Marekani.

Picha hizo zina kisa chake, nivumilieni. Mpango uliitwa Corona. Setilaiti ilipiga picha kwa filamu halisi, ile ya kusafishwa kwa dawa, kisha filamu ikashushwa ndani ya kidonge chenye mwavuli, na ndege ikakidaka kidonge hewani kwa ndoano kabla hakijagusa bahari. Walikuwa wanatafuta makombora ya Wasovieti. Picha zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Mtu aliyekuwa anawinda makombora alipiga pia mchanga wa Chad, na kwa kuupiga akawa ameupima upepo bila kujua. Jibu la Bodélé, mkitaka kulijua, lilikuwa kwamba upepo haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Miaka 45 ya picha ili kusema hakuna kilichobadilika. Mimi nalipenda sana jibu hilo, ingawa halipati kichwa cha habari gazetini.

Kwa hiyo kilima ni kipimo cha upepo. Chetu pia. Na upepo una simulizi ndefu kuliko sisi. Mjomba wangu alikuwa akisema kusi ikivuma majahazi ya Sur yanarudi kwao. Kusi hiyohiyo ikivuka ikweta inapinda, inafika Oman kutoka kusini-magharibi, na nyuma ya bandari ya Sur kuna jangwa la Wahiba, eneo la kama kilomita za mraba 12,500, lenye migongo mirefu ya mchanga iliyolala kusini kwenda kaskazini. Migongo mikubwa ni ya kale sana, imetulia. Vilima vidogo vilivyoipanda mgongoni ndivyo vinavyotembea. Familia nyingi za Unguja asili yake ni Ibra, ukingoni mwa mchanga ule. Sikuwahi kumwambia mjomba kwamba upepo uliomsukuma baharini ulikuwa unasukuma jangwa huko mbele. Angesema alijua.

Turudi Oldupai, muda wa chai unakaribia. Ombi langu ni dogo. Kila gari likifika pale, mmoja wenu asimame kwenye kigingi kilekile, ageukie kilima, apige picha moja kwa simu. Simu ina tarehe, na ukiiruhusu ina GPS. Mgeni awemo, asiwemo, si neno. Mkiweza kwenda mara moja kwa mwezi na kamba ya mita 50, pimeni kutoka kigingi hadi mguu wa kilima upande wa mashariki, mwandike kwenye daftari. Daftari, si kikundi cha WhatsApp. Nimeona vipimo vikifa WhatsApp katikati ya picha za harusi. Mimi nitaleta picha za angani za siku zilezile, tuone kama zinakubaliana na kamba. Zisipokubaliana, mashaka yangu ya kwanza yatakuwa juu ya picha.

Maswali yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, naandika matatu tu.

Dada mmoja wa nyuma aliuliza kama anaweza kukiona kilima mwenyewe kwenye Google Earth. Anaweza. Programu ya kompyuta ina kile kitelezi cha kurudi nyuma miaka, na kilima kinaonekana vizuri sana, hilali nyeusi. Lakini kwanza aweke alama kwenye jiwe moja la Naibor Soit, kisha asogeze kitelezi. Ataona jiwe nalo linacheza mita kadhaa kutoka picha hadi picha. Hapo ataelewa nilichokuwa nasema kuliko kwa hotuba hii nzima.

Mzee mmoja wa Kimaasai, ambaye nilimpa shikamoo kabla hajafungua mdomo, aliuliza kwa nini tunawaacha wageni wapande juu. Nilijibu kwamba nyayo zenyewe upepo unazifuta, lakini miguu mingi kila siku inabomoa ukingo wa juu na kuuporomosha mchanga demani kabla ya wakati wake. Tutakuwa tunapima mwendo wa wageni. Mzee akasema yeye hakuuliza kwa sababu ya vipimo. Nikasema nimeelewa, mzee wangu, na ukumbi ukakaa kimya kidogo.

Wa mwisho alikuwa kijana wa jana, yule wa sumaku. Alinyoosha mkono taratibu.

"Mwalimu, mwaka huu tukiweka kigingi kipya mbele ya kilima, upande wa magharibi, si kitafunikwa?"

Kitafunikwa. Chagueni mahali katikati ya zile pembe mbili, kipigilieni kwa nguvu, mwandike tarehe. Siku mchanga ukikigusa, andikeni. Siku kikimezwa chote, andikeni. Halafu msikichimbue. Kwa urefu na mwendo tunaowaambia wageni, mita 100 kwa 17, kilima kitachukua karibu miaka sita kupita juu yake, na kigingi kitatokea upande wa mashariki. Nikiwa bado nipo kazini, nipigieni simu asubuhi hiyohiyo.